Fender Twin Reverb ya miaka ya 70: vipuri vipi niagize nje, vipi nitavipata hapa hapa?

Nyuzi6_Dar

Habari zenu wakuu. Mezani kuna amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb ya uso wa fedha, ile yenye Master Volume. Valvu za nguvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ni 6L6GC nne, spika mbili za inchi 12. Nyuma imeandikwa volti 120, Hz 60, na haina swichi ya kuchagua volti.

Hali yake ilivyo: valvu moja ya nguvu, ule mpako wa fedha juu ya kioo umegeuka mweupe kama chokaa. Nyingine inawaka, lakini ndani ya dakika mbili bamba lake, lile bati la ndani ya kioo, linakuwa jekundu. Resista mbili za omu 470 kwenye soketi zimekuwa mkaa. Nimefungua sinia la kapasita lililo upande wa juu wa chesisi (bati la mwili wa mashine), mbili zimefura na kutoa ute. Inavuma hata vitufe vyote vikiwa sifuri. Riveba (mwangwi wa springi) kimya, vibrato (ya kutetemesha sauti) haifanyi kitu.

Kariakoo ukiuliza valvu unaoneshwa valvu ya maji. Kapasita wanazo, ila ni za 400V na 450V, wakati zilizomo zimeandikwa 350V na 525V, na maikrofaradi hazilingani. Swali langu ni hili: katika vyote hivi, kipi lazima kitoke nje, na kipi naweza kupata hapa bila kuharibu mashine? Na je, EL34 naweza kuzichomeka badala ya 6L6? Kuna mtu anaziuza nne.

FundiWaya

Mkuu, usiagize valvu bado. Kwa dalili ulizotoa, hata ukiweka nne mpya leo zitageuka nyekundu vilevile, kwa sababu kinachoziunguza kiko nje ya valvu. Mabaya zaidi ni kwamba valvu ndiyo kipuri cha gharama kuliko vyote hapo, na ndiyo inayokufa kwanza kwa makosa ya kipuri cha shilingi mia chache.

EL34 usiguse. Kwenye Twin, pini namba 1 ya soketi haitumiki na 6L6, kwa hiyo kiwandani waliifanya kituo cha kulehemea resista ya 1.5k inayopeleka ishara kwenye gridi, ule wavu wa ndani unaoongoza mkondo wa valvu. Ndani ya EL34 pini 1 ni gridi ya tatu, inayotakiwa kuunganishwa na kathodi. Ukiichomeka kama ilivyo, gridi hiyo inapata ishara na bayasi, yaani zile volti hasi zinazobana mkondo wa valvu. Na hata ukihamisha waya, EL34 moja inakula amperi 1.5 za joto, 6L6 inakula 0.9. Mara nne, unaongeza amperi 2.4 juu ya transfoma yenye umri wa miaka hamsini.

Sasa anza na umeme. Transfoma ya kushusha iwe ya chuma na shaba, nzito, angalau VA 500. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele havishushi umeme kwa sumaku, vinakata wimbi. Havifai kabisa. Jambo la pili watu hulisahau: transfoma ya Twin yako ilipigwa hesabu kwa Hz 60, na sisi tuna Hz 50. Kwa volti ileile, sumaku ndani ya chuma inaongezeka kwa asilimia 20, na transfoma inachemka. Ndiyo maana ni bora upate ya kushusha inayotoa 110V kuliko 120V. Volti za nyuzi za joto za valvu zitashuka kutoka 6.3V hadi karibu 5.8V, na hiyo bado imo ndani ya asilimia 10 zinazoruhusiwa. Kama mtaani kwenu umeme unapanda hadi 250V usiku, hiyo nafasi utaihitaji.

Waya wa umeme uwe wa nyaya tatu, ule wa ardhi ufungwe kwenye chesisi kwa boliti na nati yake peke yake. Halafu tafuta kapasita ndogo iliyoungwa kwenye swichi iliyoandikwa Ground, kati ya waya wa umeme na chesisi. Ikate, uitupe. Ikipata shoti, chesisi inabeba umeme, na nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chesisi. Hiyo haihitaji mbadala.

Kapasita za sinia. Mbili kubwa, za 70 au 100 maikrofaradi 350V, zimeungwa mfululizo, na kila moja ina resista ya 220k ubavuni. Hizo ni rahisi: weka mbili za 100 kwa 400V au 450V, zinazofanana, za duka moja na siku moja. Badilisha na zile resista za 220k, za wati 1 au 2. Zikipotea thamani, volti hazigawanyiki sawa na kapasita moja inabeba mzigo wa mwenzake.

Tatu zilizobaki, za 20 kwa 525V, ndiyo watu hukosea. Wanaona mashine ikifanya kazi kuna 440V, wanaweka 22/450V, wanashukuru Mungu. Lakini Twin inatumia diodi, siyo valvu, kubadili umeme wa AC kuwa DC. Ukiwasha, volti zinapanda papo hapo kabla valvu hazijapata joto la kuvuta mkondo, na zinafika 480V na zaidi. Kila siku, sekunde kadhaa, kapasita ya 450V inapita kikomo chake. Haipasuki leo, inavuja polepole, inachemka, inafura. Ukikosa za 500V, tumia mbili za 47 kwa 400V mfululizo mahali pa kila moja: hasi ya ya juu iungwe na chanya ya ya chini, na resista ya 220k wati 1 juu ya kila moja. Unapata karibu 23 kwa 800V. Zinaingia kwenye sinia kwa kubanana kidogo. Angalizo: kopo la kapasita ya juu linakaa kwenye nusu ya volti, karibu 230V, kwa hiyo livishe plastiki ya kubana kwa joto, lisiguse bati.

Kabla ya kuingiza mkono, toa umeme uliobaki: resista ya 10k wati 5 yenye mpini, kutoka chanya ya kapasita hadi chesisi, hesabu sekunde kumi na tano, kisha thibitisha kwa mita. Zile 220k huumaliza zenyewe, lakini zikiwa zimekatika hazimalizi kitu, na kwa nje huwezi kujua.

Mitambo_Luthuli

Nakubaliana na FundiWaya. Naongeza kuhusu sehemu ya bayasi, maana hapo ndipo bamba jekundu huanzia.

Kuna kapasita ndogo ya bayasi kwenye kibao chake, mara nyingi 50 au 80 maikrofaradi kwa 70V hivi. Ibadilishe bila kuipima, weka 100/100V. Sasa sikiliza vizuri: CHANYA yake inakwenda kwenye chesisi, hasi ndiyo inabeba volti. Fundi aliyezoea redio ataigeuza kwa mazoea, maana kwenye redio hasi ndiyo ardhi. Ikigeuzwa inapata shoti, bayasi inapotea, na valvu zote nne zinaiva kwa dakika moja. Diodi yake weka 1N4007.

Diodi kubwa za kubadili umeme: kila upande zipo tatu mfululizo. Weka 1N4007 tatu tatu. Usiweke moja moja kwa kuona imeandikwa 1000V. Upande usiopitisha unabeba volti za nusu zote mbili za transfoma kwa pamoja, zaidi ya 900V, na umeme wetu ukiruka kidogo tu inapasuka. 1N4007 zinapatikana kila kibanda, Kariakoo au hapa Luthuli Avenue, Nairobi, hakuna sababu ya kubana matumizi.

Resista za skrini zilizoungua, omu 470: weka za wati 3 hadi 5, aina ya oksidi ya metali, na uziinue milimita tano juu ya soketi zipate hewa. Badilisha zote nne. Na soketi zenyewe: ingiza sindano, bana vile vidole vya ndani vishike pini. Kati ya pini 2 na 3 angalia kama kuna mstari mweusi wa kuungua juu ya bakelaiti. Ukiuona, soketi hiyo haioshwi ikapona. Kaboni imeshakuwa njia ya umeme. Soketi za pini nane za kauri zinaagizwa, ni nyepesi, ziweke kwenye oda moja na valvu.

Ukimaliza, chomoa valvu zote nne za nguvu, acha ndogo. Unga taa ya uzi ya wati 60 mfululizo upande wa 230V, kabla ya transfoma ya kushusha. LED haifai hapa. Ukikosa ya uzi tafuta ya halojeni. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti. Ikififia, itoe taa, washa moja kwa moja, kisha pima kila soketi ya nguvu: pini 3 (bamba), pini 4 (skrini), pini 5 (gridi), zote kwa chesisi. Tuletee namba. Pini 5 isome hasi, karibu na −50V, soketi zote nne. Mkono mmoja mfukoni wakati wa kupima.

Nyuzi6_Dar

Asanteni sana. Kapasita zote za sinia, bayasi, diodi na resista za skrini nimebadilisha kama mlivyoelekeza. Kwa zile tatu nimetumia jozi za 47/400V. Taa iliwaka kidogo ikafifia. Nimepima bila valvu za nguvu, transfoma ya kushusha ikiwa kwenye 110V:

Pini 3: 452V soketi zote.
Pini 4: 450V soketi zote.
Pini 5: soketi mbili za kushoto −47.5V, mbili za kulia −29V.
Joto: 5.9V.

Ile tofauti ya kulia ndiyo sielewi. Nimezungusha kitufe cha bayasi nyuma ya chesisi, upande mmoja unapanda volti mbili tatu, mwingine unashuka.

Mitambo_Luthuli

Umeshampata mhalifu, hongera. Kitufe hicho kinasawazisha pande mbili tu, na kama ulivyoona kinahamisha volti chache. Hakiwezi kuleta tofauti ya 18.

Kila upande wa valvu mbili unapata ishara kupitia kapasita moja ya 0.1 maikrofaradi inayotoka kwenye valvu ndogo ya mwisho, 12AT7. Upande mmoja wa kapasita hiyo kuna volti zaidi ya 200 chanya, upande wa pili kuna bayasi yako hasi. Kazi yake ni kupitisha ishara na kuzuia hizo chanya. Ya upande wa kulia inavuja. Chanya zinapenya, zinakula bayasi, −47 inakuwa −29, valvu mbili za kulia zinavuta mkondo bila breki. Bila shaka ile iliyokuwa nyekundu ilikaa kulia, na resista zilizoungua zilikuwa huko huko.

Thibitisha: lehemua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, uache ukielea. Washa. Pini 5 za kulia zitarudi karibu na −47. Kisha pima volti kati ya mguu unaoelea na chesisi. Kapasita nzima itaruka kisha ishuke karibu sifuri. Inayovuja hivyo itasimama kwenye volti mia na kitu.

Mbadala uko Kariakoo tele: imeandikwa 104J 630V au 104K 630V, ya polyester au polypropylene. Weka pande zote mbili. Usichukue zile zilizoandikwa X2 275V~ zinazotolewa kwenye vichujio vya umeme vya TV. Zimeundwa kwa kazi nyingine. Rangi na ukubwa havina maana, ila miguu iwe mirefu kufikia matundu ya kibao. Pasi ya kulehemea ya wati 40 inatosha kwa kibao, lakini sehemu zilizolehemewa moja kwa moja kwenye bati zinataka ya wati 100, la sivyo utapata kiungo kinachoonekana kizuri na hakijashika.

SautiYaPwani

Nije kwenye valvu zenyewe, maana huko ndiko kuagiza kwa kweli kuliko.

Leo dunia nzima valvu za gitaa zinatoka sehemu chache mno. JJ wako Čadca, Slovakia. Kiwanda cha Saratov, Urusi, kinauza kwa majina mengi: Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol na mengine, kwa hiyo kubadilisha jina la boksi si lazima kuwe kubadilisha kiwanda. Na Uchina. Machi 2022 mzigo wa Saratov ulisimama kwa muda na bei zikaruka kila mahali; ni funzo la kununua seti ya akiba ndogo pale unapoagiza, hasa valvu ndogo za 12AX7, kwani gharama ya usafiri wa valvu sita na ya valvu kumi haipishani sana.

Twin inataka 6L6GC nne zilizolinganishwa, 12AX7 nne na 12AT7 mbili. 12AX7, ECC83 na 7025 ni kitu kimoja kwa kazi yako. 12AT7 ni ECC81. Usibadilishe valvu ndogo zote kwa mkupuo. Hizi hudumu miaka mingi, na nyingi za zamani ni bora kuliko mpya. Gonga kila moja kwa penseli mashine ikiwa imewashwa. Inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo iondoke.

Zipo za kijeshi za Urusi ambazo bei yake huwa nafuu. 6P3S-E inaingia soketi ya 6L6 bila kubadili waya, lakini nguvu ya bamba lake ni kama wati 21, siyo 30. Kwenye 450V unatakiwa uishushe hadi karibu miliamperi 27 kila moja, na hata hivyo haina nafasi ya ziada. Mimi nisingeiweka kwenye Twin. 6N2P ndiyo mtego mkubwa: watu wanaiuza kama 12AX7. Inafanana kwa umbo na kwa ukuzaji, lakini nyuzi za joto zimepangwa tofauti. Kwenye Twin pini 4 na 5 zimeungwa pamoja na pini 9 ndiyo upande wa pili. 6N2P inataka 6.3V kati ya 4 na 5, na pini 9 ni ngao tu. Ukiichomeka haipati joto kabisa. Utadhani mbovu.

Valvu zilizoandikwa Mullard au RCA kwenye maboksi yaliyochakaa: maandishi ya rangi yanachapwa upya kirahisi. Kwa Mullard halisi ya Blackburn tafuta namba za kijivu zilizochorwa kwenye kioo chenyewe karibu na pini, mistari miwili. ECC83 mstari wa juu mara nyingi unaanza na I6, mstari wa chini unaanza na B, kisha tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, tarakimu ya wiki. Kitu kama B5D2 ni Aprili, mwaka unaoishia na 5, wiki ya pili. Hakuna namba, usilipe bei ya Mullard.

Na kama mfuko hauruhusu nne kwa sasa, Twin inafanya kazi na mbili. Weka za pembeni kabisa, acha soketi mbili za katikati wazi, ili kila upande ubaki na moja. Lakini transfoma ya sauti sasa inataka mzigo maradufu: omu 8 badala ya 4. Maana yake unganisha spika moja tu ya omu 8, na nyingine uitoe kwenye waya. Hiyo moja itabeba wati kama 50, kwa hiyo soma kilichoandikwa mgongoni mwake kwanza. Kamwe usiiwashe bila spika.

FundiWaya

Hapo kwenye mbili amesema vema. Ukishaweka valvu, pima mkondo, usikadirie. Lehemu resista ya omu 1, wati 1, kati ya pini 8 na chesisi kwenye kila soketi. Milivolti moja ni miliamperi moja. Hesabu: 6L6GC inastahimili wati 30, asilimia 70 ni wati 21, gawanya kwa 450V unapata miliamperi 46. Hicho ni kikomo cha juu. Ukikaa 33 hadi 38 sauti ni safi na valvu zinadumu, na kwa Hz 50 transfoma yako itakushukuru.

Kwa kuwa kitufe chako kinasawazisha tu, kiwango kinabadilishwa na resista iliyo karibu nacho kwenye kibao cha bayasi, ile inayokwenda chesisi. Ukiongeza omu, hasi inaongezeka na valvu zinapoa, ukipunguza, zinachemka. Badilisha kwa hatua ndogo, umeme ukiwa umezimwa, na anza upande wa kupoza.

Kinanda_Arusha

Riveba na vibrato, haraka haraka.

Sanduku la springi chini ya kabati: chomoa plagi zake mbili, pima. Upande wa kuingia usome karibu omu 1, upande wa kutoka karibu omu 200. Ukisoma wazi kabisa, waya mwembamba kama unywele umekatika, mara nyingi pale unapotoka kwenye koili kwenda kwenye tundu la plagi. Fungua sanduku, tazama kwa kioo cha kukuza, lehemu kwa pasi ndogo. Koili yenyewe ikiwa imekatika ndani, agiza sanduku jipya lenye namba 4AB3C1B. Namba hiyo ina maana: omu 8 kuingia, 2250 kutoka. Yale ya amplifaya za kisasa za transista mara nyingi huingia kwa omu nyingi zaidi na hayatasikika hapa.

Sanduku likiwa zima: washa, ongeza Reverb, gusa ncha ya katikati ya waya unaorudi. Ikivuma, njia ya kurudi iko hai na tatizo liko kwenye 12AT7 inayosukuma springi au transfoma yake ndogo. Pima koili ya kwanza ya transfoma hiyo. Ikisoma wazi, imekufa, nayo inaagizwa.

Vibrato. Kwanza ichomeke swichi ya mguu, au unganisha ncha ya katikati ya tundu lake na ganda. Bila hiyo haifanyi kazi hata ikiwa nzima. Kisha tafuta kile kibomba cheusi chenye miguu minne. Ndani yake mna taa ndogo ya neoni na kipande kinachobadili ukinzani kwa mwanga. Kinatengenezeka hapa. Neoni ni ileile ya kwenye soketi za waya wa kurefushia umeme, ile inayowaka nyekundu. Ikate resista iliyoungwa nayo kwa sababu amplifaya inayo ya kwake. Kipande cha mwanga, LDR, kinauzwa kwa wanafunzi wa elektroniki. Chagua kinachosoma zaidi ya megaomu 1 gizani. Viweke uso kwa uso, vigusane, vivishe plastiki nyeusi tabaka mbili na uzibe ncha zote. Mwanga wa bulbu ya chumba ukiingia, vibrato inakuwa dhaifu na hutajua kwa nini.

Zeze_Mombasa

Samahani kuingilia kati. Hapa kuna Vox AC15 ya zamani, EL84 mbili, EF86 na EZ81. Redio za kale za nyumbani, Philips na Grundig, nyingi zina EL84. Zinaweza kutumika?

SautiYaPwani

Zinaweza, na ni hazina inayotupwa. EL84 ya redio ni EL84 ileile. Redio nyingi zina moja, kwa hiyo jozi yako itatoka redio mbili tofauti. Pima mkondo wa kila moja, zisipishane zaidi ya miliamperi 5 hivi. Zilizofanya kazi miaka thelathini sebuleni huwa zimechoka, tafuta redio iliyozimika mapema kwa ubovu mwingine.

EF86 utaipata kwenye tepurekoda za valvu. EZ81, valvu ya kubadili umeme, angalia mara mbili: redio nyingi zina EZ80, ambayo inaingia soketi hiyohiyo na pini zilezile, lakini inatoa miliamperi 90 tu na EZ81 inatoa 150. AC15 itaiua. Na redio yenyewe kama bado inalia, iache ilie.

Nyuzi6_Dar

Mrejesho. Kapasita ya kulia ilikuwa inavuja kama alivyosema Mitambo: mguu unaoelea ulisimama kwenye 170V. Nimeweka 104J 630V mbili, sasa pini 5 zinasoma −47 na −46.5. Sanduku la riveba lilisoma omu 0.9 na 205, kwa hiyo halina neno. Koili ya transfoma ndogo ndiyo iko wazi. Mvumo umeisha.

Oda ya nje imebaki 6L6GC nne, 12AX7 moja, transfoma ya riveba na soketi moja ya kauri. Swali la mwisho: fundi wa kufunga mota amesema anaweza kuifunga upya hiyo transfoma ndogo, na ikibidi hata ile kubwa ya sauti. Nimpe?

FundiWaya

Ndogo mpe, kama yuko tayari kuhesabu mizunguko wakati anafungua na kutumia waya wa unene uleule. Ni kazi ya uvumilivu tu, ule waya mwembamba unakatika ukiuvuta kwa pupa.

Ile ya sauti usimpe kama ni nzima, na kwanza uipime. Tenganisha waya zake zote. Peleka 6V za transfoma ndogo ya umeme kwenye upande wa spika. Upande wa valvu utatokea karibu 130V kutoka mwisho hadi mwisho, na nusu zake mbili zilingane, kama 65 na 65. Usishike hizo ncha. Nusu zikilingana kwa volti lakini zikatofautiana kidogo kwa omu, ni kawaida, koili ya nje ina waya mrefu zaidi. Ikionesha volti chache sana, au ile transfoma ndogo ikachemka, kuna mizunguko imegusana ndani.

Ikibidi kufungwa, shida siyo mizunguko. Transfoma ya umeme inafungwa koili ya kwanza yote, kisha ya pili yote, na mafundi wa mota wanajua hivyo. Ya sauti inafungwa kwa matabaka yanayopishana, kipande cha kwanza, kipande cha pili, tena cha kwanza. Akiifunga kama ya umeme itatoa sauti, lakini nyuzi nyembamba zitakuwa zimefunikwa blanketi. Mwambie achore kila tabaka kwenye karatasi anavyofungua, na asitupe karatasi ya kuhami iliyomo mpaka apate ya unene huohuo. Akikataa kuchora, chukua transfoma yako uondoke nayo.